Mzimamoto mjamzito, mkuu wa zamu anayemsumbua, na barua ya "kuomba uhamisho"

Swali:

Wakili, salamu. Huu ni mwaka wangu wa nne katika zimamoto ya kaunti moja ya Pwani ya Kenya. Niliajiriwa kwa kandarasi na imeshaongezwa mara moja. Mkuu wa zamu yetu amekuwa akinitumia ujumbe wa WhatsApp usiku. Mara anausifu mwili wangu, mara ananiambia nikimkubali jina langu litaingia kwenye orodha ya wanaopelekwa mafunzo. Sikumkubali, na wanaume watatu walioajiriwa baada yangu wameshapelekwa. Nilipotoa taarifa kuwa nina mimba, niliondolewa kwenye gari nikawekwa kwenye simu na redio, na marupurupu ya kazi ya hatari yakakatwa. Wiki jana nimeletewa barua niisaini, inasema nimeomba mwenyewe kuhamishiwa idara ya mazingira. Kandarasi yangu inaisha baada ya miezi mitano. Wenzangu wanasema wazimamoto ni kama askari, hatuna pa kushtaki. Ni kweli?

Jibu:

Si kweli, dada yangu. Na kabla sijaeleza kwa nini, barua hiyo usiisaini.

Naanzia hapo kwa sababu karatasi hiyo moja inaweza kukuharibia kesi yote. Kwa sasa wewe ni mfanyakazi aliyeondolewa kwenye kazi yake baada ya kusema ana mimba, na kaunti ndiyo inayotakiwa kutoa sababu. Ukishatia sahihi, unakuwa mfanyakazi aliyeomba mwenyewe kuondoka, na wa kujieleza ni wewe. Watakuambia ni utaratibu tu wa ofisi, watakuambia ni kwa faida ya mtoto. Hapo unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakikushikilia uonyeshe kwamba umeipata, andika kwa mkono wako chini ya ukurasa: "Nimeipokea leo. Sijaomba uhamisho na sikubaliani na yaliyomo." Weka tarehe, kisha piga picha ukurasa mzima. Na kama umeshabanwa ukaisaini tangu uliponiandikia, andika leo hii barua ya kuikana sahihi hiyo, ueleze nani alikuwepo na uliambiwa nini. Sahihi ya kulazimishwa hupingwa, lakini jaji humwamini zaidi aliyelalamika siku ile ile kuliko aliyekumbuka mwaka mmoja baadaye.

Sasa hilo la "kama askari". Chanzo chake nakifahamu. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinawaacha nje wanajeshi, polisi, askari wa magereza na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Mzimamoto naye ana sare, ana cheo na anapiga saluti, basi watu humtia kwenye kapu hilo hilo. Lakini hayumo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili majanga, na huduma za ambulensi vilevile. Wewe ni mtumishi wa umma wa kaunti, na Sheria ya Ajira inakulinda kama inavyomlinda karani wa ardhi au muuguzi. Mhudumu wa ambulensi ya kampuni binafsi naye analindwa nayo. Aliye pabaya kidogo ni mtu wa kujitolea asiyelipwa mshahara, kwa kuwa sheria hiyo inamhusu aliyeajiriwa kwa ujira, pamoja na mwanagenzi. Huyo hubaki na Katiba na sheria za jinai.

Na hata polisi, nikimjibu askari atakayesoma hapa, hawakuachwa mikono mitupu. Katiba inaruhusu sheria iwapunguzie haki za mahusiano ya kazi, ndiyo maana hawana chama cha wafanyakazi. Lakini haki ya usawa na kutobaguliwa haimo katika orodha ya zile ambazo Katiba imekubali wapunguziwe.

Turudi kwako. Katika maelezo yako nimehesabu malalamiko matatu: unyanyasaji wa kingono, kunyimwa mafunzo, na kuadhibiwa kwa ajili ya mimba. Nakuomba uyaandike mbalimbali, kila moja na tarehe zake, hata kama mtu aliye nyuma yake ni mmoja. Nimeona barua nyingi za malalamiko ambamo yote yamechanganywa kwenye aya moja ndefu yenye machozi, na afisa wa rasilimali watu akachagua kujibu lile jepesi na kuyaacha mengine.

Unyanyasaji wa kingono umeelezwa kwenye kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira. Kuahidiwa upendeleo kazini kwa kubadilishana na mapenzi kumetajwa waziwazi, na vitisho kwa aliyekataa pia. Maneno ya kingono yasiyotakiwa yanahesabika, ya mdomo au ya maandishi, ikiwa yanaathiri kazi yako au kuridhika kwako nayo. Huhitaji kuwa umeguswa. Ujumbe unaosema "ukinikubali jina lako litaingia" unatosha kuingia kwenye kifungu hicho bila kusukumwa. Kifungu hicho hicho kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono, aliyoitunga baada ya kushauriana na wafanyakazi, inayoeleza malalamiko yapelekwe kwa nani na kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinapolazimu. Kaunti yako ina wafanyakazi wengi mno kuliko 20. Kwa hiyo katika barua yako ya kwanza omba nakala ya sera hiyo. Wakikupa, utajua njia. Wasipokuwa nayo, wameshavunja sheria kabla hata jina la mkuu wako halijatajwa.

Mafunzo yako kwenye kifungu cha 5, kinachokataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kuzunguka kwa misingi ya jinsia, mimba, kabila, dini, ulemavu na mingineyo, kuanzia kuajiriwa, mafunzo na kupandishwa cheo hadi kuachishwa kazi. Hili sitalikalia sana. Linahitaji majina ya waliopelekwa, tarehe walizoajiriwa na vigezo vilivyotumika, na vyote hivyo viko mikononi mwa kaunti. Nitakuonyesha chini namna ya kuvipata.

La mimba ndilo lenye utata, na ndilo ambalo watu wengi hulikosea pande zote mbili.

Kaunti itasema: huyu ana mimba, hawezi kuvaa mtungi wa hewa, kupanda ngazi na kuingia kwenye moshi. Na katika hilo itakuwa na hoja. Moshi wa moto wa nyumba hubeba kaboni monoksidi, gesi inayopita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Joto kali na uzito wa vifaa navyo si vya kuchezea. Sheria yenyewe inasema si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa sababu ya hitaji la asili la kazi husika. Kwa hiyo ukienda mahakamani kudai kwamba ilikuwa lazima ubaki kwenye gari, utashindwa, na mimi nisingeichukua kesi hiyo.

Lakini kuondolewa kwenye moshi ni jambo moja, na kukatwa pesa ni jingine. Mwajiri anayemlinda mfanyakazi mjamzito humwomba ripoti ya daktari, humpa kazi nyepesi katika idara ile ile kwa muda unaojulikana, humwandikia lini atarudi, na haugusi mshahara. Aliyekufanyia wewe hakuomba ripoti yoyote, amekata marupurupu, na sasa anataka uhame idara kabisa. Mlinzi gani huyo? Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya kazi ashauriane na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko kwa maandishi. Hapo tazama barua yako ya uteuzi na hati zako za mshahara. Ikiwa marupurupu hayo hulipwa kila mwezi kwa kila mzimamoto wa daraja lako, awe ametoka au hakutoka kwenda kwenye tukio, ukataji huo ni mgumu kuutetea. Ikiwa hulipwa kwa kila tukio ulilokwenda, hoja yako inapungua nguvu, ingawa haifi, kwa kuwa bado utauliza iwapo mwanaume aliyevunjika mkono na kuwekwa kwenye redio alikatwa pia. Muulize mwenzako wa namna hiyo, kama yupo. Jibu lake linaweza kuwa na uzito kuliko kurasa kumi za wakili.

Ukishajifungua, kifungu cha 29 kinakupa miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, bila kupoteza likizo yako ya mwaka, na haki ya kurudi kwenye kazi ile ile au nyingine inayokufaa isiyo na masharti duni kuliko ya kwanza. Toa ilani ya maandishi siku 7 kabla, au mapema zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Najua vituo vingi vya zimamoto havina hata choo cha wanawake, lakini hilo haliifuti sheria.

Kuhusu ushahidi, habari njema ni kwamba kifungu cha 5 kinampa mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea. Mahakama inajua kwamba hakuna bosi anayeandika "nimemwondoa kwa sababu ana mimba". Mwaka 2013 mfanyakazi wa benki moja aliyeachishwa kazi kwa mambo yaliyofungamana na mimba yake alishinda katika korti ya leba, na moja ya mambo yaliyomsaidia ni huo mzigo kuwa upande wa mwajiri. Lakini mzigo hauhami kwa kulalamika tu. Lazima kwanza uweke mezani mambo yanayomfanya mtu mwenye akili timamu aanze kushuku, hasa mfuatano wa tarehe.

Hapo ndipo kazi yenu inapokusaidia kuliko kazi nyingi. Zimamoto huandika kila kitu. Kuna kitabu cha matukio kinachoonyesha simu ilipoingia, gari lilipotoka na nani walikuwa ndani. Kuna orodha ya zamu. Ukiweka barua yako ya kutoa taarifa ya mimba kando ya orodha hizo, mtu yeyote ataona ulikuwa kwenye gari hadi wiki fulani, kisha jina likahama. Usikiibe kitabu wala usichane ukurasa, utajitafutia kesi ya nidhamu bure. Andika kwenye daftari lako tarehe na zamu unazozikumbuka, halafu ombeni rasmi. Nimesema "ombeni" kwa makusudi, maana chama chenu cha wafanyakazi kinaweza kuomba pamoja nawe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la habari. Omba orodha za zamu za miezi sita, orodha ya waliopelekwa mafunzo tangu ulipoajiriwa, na vigezo vilivyotumika.

Ujumbe wa WhatsApp usiufute, hata ule unaokuaibisha, hata ule uliomjibu kwa hasira. Picha za skrini zionyeshe namba yake, tarehe na saa, na mazungumzo yawe kamili, si vipande ulivyovichagua. Ukiyachapisha kwa ajili ya mahakama, Sheria ya Ushahidi inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilitumika na ni nani aliyekitumia. Wakili ataandaa, wewe utasaini. Simu yenyewe itunze. Ikiharibika usiitupe, na ukinunua nyingine hiyo ya zamani iweke kabatini. Mawakili wa kaunti hupenda sana kusema ujumbe umetengenezwa.

Sasa milango. Hapa ndipo kesi nzuri nyingi hufia, na ndipo nakuomba unisikilize kuliko kwingine.

Mlango wa kwanza ni barua ya malalamiko kwa afisa mkuu wa idara yako, nakala kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti na kwa chama chako. Usiipitishe kwa huyo mkuu wa zamu eti kwa heshima ya ngazi. Sheria haikulazimishi kumpelekea mtu mashtaka yake mwenyewe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo. Ikiwa karani wa mapokezi anakataa kugonga muhuri, na hutokea, itume pia kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Mlango wa pili ni Tume ya Utumishi wa Umma, Nairobi. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti, au wa afisa mwenye mamlaka ya nidhamu, hukata rufaa kwa tume hiyo kwa maandishi ndani ya siku 90 tangu tarehe ya uamuzi. Watu huona ni safari isiyo na maana na kukimbilia korti. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba mtumishi wa kaunti aliyeruka hatua hiyo ameenda kortini kabla ya wakati wake. Tangu hapo, kila wakili wa kaunti huanza na pingamizi la awali: je, alipita kwa tume? Mtu mwenye haki zote anarudishwa nyumbani bila hata kusikilizwa, na siku zake 90 zimekwisha. Mahakama ina uwezo wa kukuruhusu uruke hatua hiyo kwa sababu za kipekee ukiiomba, lakini usijenge nyumba yako juu ya ruhusa hiyo.

Mlango wa tatu ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huko kwenu iko Mombasa na Malindi. Kwa kawaida muda wa kushtaki kwa madai ya ajira ni miaka 3. Kwa dhara linaloendelea mwezi hadi mwezi, kama huo ukataji wa marupurupu, ni miezi 12 baada ya kukoma. Utakuta habari hizi kwenye kifungu cha 89 cha Sheria ya Ajira, ambacho katika matoleo ya zamani ya sheria kilikuwa cha 90, usichanganyikiwe. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanayopelekwa kwa afisa wa leba yana muda wake mwingine, miezi 3. Na msomaji wa Tanzania asichukue siku hizi kama zake: kule mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.

Polisi wako kando ya milango hii yote, wala huhitaji ruhusa ya kaunti kwenda kwao. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mtu mwenye mamlaka au ofisi ya umma anayemsumbua mwingine kingono tena na tena huku akijua hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Ukienda, hakikisha umepewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo cha polisi. Je, nakushauri uende? Ujumbe ukiwa mwingi na wazi kama ulivyoueleza, ndiyo. Ila uwe tayari: kesi ya jinai ni ya serikali, si yako. Kipimo cha ushahidi wake ni kizito zaidi, na mshtakiwa akiachiliwa, kaunti itaipeperusha hukumu hiyo kwenye kesi yako ya kazi ingawa hizo ni kesi mbili tofauti. Ndiyo maana barua ya mlango wa kwanza huwa naitanguliza, hata kwa siku moja.

Kandarasi yako ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Mahakama zetu kwa kawaida husema kandarasi ya muda ikiisha imeisha, na mfanyakazi hana haki ya kudai iongezwe, isipokuwa aonyeshe aliahidiwa au alijengewa matumaini halali. Kaunti inalijua hilo, na inaweza kuamua kunyamaza tu miezi mitano ipite. Usiwaache wanyamaze. Andika sasa, ukiomba kandarasi iongezwe kama ilivyoongezwa mara ya kwanza. Wakiongeza za wenzako wote wa kundi lako wakaiacha yako, tayari una swali la ubaguzi, ambalo halitegemei tena kama kandarasi ina mwisho au haina. Wakikuachisha kabla ya tarehe, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kushtaki au kukusudia kumshtaki mwajiri si sababu halali pia, ila kama malalamiko yameonekana ni ya kipuuzi yasiyo na msingi. Hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya kisasi, na inafanya kazi vizuri zaidi kama malalamiko yako yamegongwa muhuri kabla kisasi hakijaanza.

Hukuuliza, lakini pengine unajiuliza pia kama kuna pesa. Fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12. Fidia ya kubaguliwa na kuvunjiwa utu, inayodaiwa chini ya vifungu vya 27 na 28 vya Katiba, haina kikomo hicho, na zipo hukumu zilizofika mamilioni. Zipo pia zilizotoa laki chache. Mtu asikutajie kiasi kabla hajaona karatasi zako, na akikutajia, mkimbie.

Gharama zisikutishe. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, husaidia wanawake bila malipo, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa asiyejiweza. Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Kaunti nacho kina wajibu kwako ikiwa unakatwa ada kila mwezi. Ila kabla hujafungua moyo, uliza mwakilishi wa kituo chenu ana uhusiano gani na huyo mkuu wa zamu. Popote utakapoanzia, beba barua ya uteuzi na ile ya kuongezwa kandarasi, hati za mshahara za kabla na baada ya ukataji, nakala ya taarifa ya mimba na kadi ya kliniki, barua ya uhamisho ikiwa bado haijasainiwa, na simu yenye chaji.